Siku Niliyosafisha Kinamasi

Wifi yangu ni mtu mdogo wa umbo, ana miwani minene na viatu vya mpira vya kijani anavyovitunza kuliko wageni wake. Ni dada wa mume wangu, na kwa miaka mingi niliwaambia majirani kwamba kichwani mwake kuna nati moja imelegea. Namwandika leo akiwa hai na ana masikio, maana shukrani za makaburini zimekuwa nyingi mno.

Shule aliiacha mapema ili alee wadogo zake, mume wangu akiwa mmoja wao. Kisha kwa miaka thelathini akaosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo. Siku moja alitumwa kinamasini, nje kidogo ya mji, akachote ndoo ya maji ambayo wanafunzi wangeyachungulia kwa hadubini. Alipoinama akaona kijimea kidogo, chekundu, kimemnasa mbu na kinamkunjia jani taratibu. Akachuchumaa pale mpaka maji yakamwingia viatuni. Alirudi kazini amechelewa, akakaripiwa, na kesho yake akaenda tena kwa hiari yake. Tangu hapo kila mwalimu aliyejua lolote kuhusu mimea alimkoma. Aliwauliza huku anasuuza chupa, ikafika siku walimu wenyewe wakawa wanamuuliza yeye.

Alipostaafu akaanza kuongoza watu. Kila mwezi, Jumamosi moja asubuhi, watu kumi hivi huvaa viatu vya mpira na kumfuata kinamasini kuona mimea inayokula wadudu. Mimi sikuwahi kwenda.

"Wifi, mimi nimezoea majani yanayoliwa," nilikuwa nikimwambia, "siyo yanayokula."

"Usijali," hunijibu, "hayo hupenda nyama laini. Wewe hayatakugusa."

Mwaka jana wakubwa wa mipango ya mji walitaka kukifukia kinamasi kile wajenge maghala. Wifi aliandika barua mpaka wakachoka kuzipokea, wakakubali kutuma maofisa wawili wajionee. Mimea ikionekana kwa wingi, shauri lingefikiriwa upya. Isipoonekana, malori ya kifusi yangeanza kazi mwezi uliofuata. Jioni ya kuamkia siku hiyo wifi alikuja kwangu, na hakutania hata kidogo.

"Wifi, kesho nisindikize. Naogopa."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, hata siku aliyomzika mumewe. Nikaenda.

Tulifika mapema. Akaniacha ukingoni na chupa ya chai, akaenda barabarani kuwapokea wageni. Sasa, mimi nimefanya usafi hospitalini miaka ishirini na sita, na mazoea yana tabu. Hata nikiingia msibani macho yangu hutangulia kwenye vumbi la pembeni kabla sijatoa pole. Pale kinamasini kulikuwa na njia ya mbao, na kando yake, kote kote, nikaona vijiti vimechomekwa ovyo ovyo, kila kimoja kimefungwa uzi mwekundu uliochakaa. Nikasema, tazama watu wasivyo na haya, wanakuja kustarehe na kuacha takataka zao! Wakubwa waje waone hivi, wifi yangu aaibike? Nikakunja gauni, nikainama juu ya mbao, nikaving'oa kimoja baada ya kingine. Vilikuwa arobaini na kimoja. Nikavifunga mfukoni, nikakaa nimejaa furaha ya mtu aliyemaliza zamu yake vizuri.

Wifi akatokea na maofisa wale wawili, na watu wake wa Jumamosi nyuma yao. Alisimama kwenye ubao wa kwanza, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Wifi," akasema polepole, "vile vijiti viko wapi?"

"Uchafu ule? Nimeshautoa wote." Nikamwonyesha mfuko.

Alivyobadilika uso sitasahau. Kila kijiti kilikuwa alama ya mmea mmoja, na alama hizo alikuwa amezikusanya kwa miaka kumi. Mimea yenyewe haizidi upana wa kifungo cha shati, imejificha chini ya nyasi. Mtu akisimama wima haioni, na akikanyaga pasipo alama anaiua bila kujua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ya pale ilikuwa tayari kabisa.

Ofisa mmoja, bwana mrefu mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi, akatazama saa yake. "Mama, iko wapi hiyo mimea? Mimi naona nyasi tu."

Nikafungua mdomo nikiri kosa langu. Wifi akanishika mkono, akauminya kwa nguvu.

"Leo hakuna alama," akawaambia. "Leo mtaitafuta wenyewe. Pigeni magoti hapo kwenye mbao, wote, na mtu asitie mguu nje."

Wakatazamana. Ofisa wa pili, mama mmoja mnene, ndiye aliyeanza. "Haya, bosi, shuka," akamwambia mwenzake. "Ofisini tunapiga magoti kila siku, leo angalau kuna hewa safi."

Bwana mrefu akapiga magoti. Tulitambaa na pua zetu karibu na maji, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kuliko nilivyowahi kuomba wodini. Mara yule bwana akapiga kelele: "Hiki hapa! Kimeshika inzi!"

Tukasogea. Jani lilikuwa na vinywele vyekundu, kila kinywele na tone la ute nchani mwake, na inzi mdogo alikuwa anahangaika katikati. Wifi akalala kifudifudi kando ya yule bwana, akamweleza kwamba udongo wa pale hauna chakula, na mmea hauwezi kuhama, kwa hiyo umejifunza kukamata unachokosa. Yule bwana alikaa nusu saa nzima kutazama vinywele vikiinama, suruali imelowa mpaka mapajani. Kufika adhuhuri kundi lilikuwa limehesabu mimea mia moja na kumi na miwili. Wifi aliniambia baadaye kwamba mingine hakuwahi kuiona, kwa sababu alikuwa akienda moja kwa moja kwenye vijiti vyake.

Njiani kurudi nililia. "Wifi, nimekuharibia kazi ya miaka kumi."

"Umeniharibia kweli," akasema. "Tutavirudisha pamoja, na mgongo utakuuma. Lakini mbele za watu, wewe ni wifi yangu."

Nikakumbuka niliyokuwa nikiwaambia majirani juu yake, nikakosa pa kuuweka uso.

Jibu lilichukua wiki tatu, na wiki zote hizo usingizi uliniruka. Barua ilipofika wifi hakuifungua. Alitembea nayo mpaka kwangu, bahasha ikiwa imefungwa vilevile, akaniwekea mapajani.

"Mdogo wangu kaniambia hulali," akasema. "Ifungue wewe, uwe wa kwanza kujua."

Nikaichana bahasha vibaya kwa haraka. Nikasoma kwa sauti: kinamasi hakitafukiwa, maghala yatatafutiwa mahali pengine. Wifi akavua miwani yake, akafunika uso kwa viganja. Nikapiga magoti mbele yake sakafuni, nikamwambia asante, asante kwa mume uliyenilelea, asante kwa kunisitiri, na unisamehe maneno yangu yote.

"Nilikuwa nayasikia," akasema, akaniinua.