Mama Aliyeziba Mlango

Shida yetu ilianza mwaka wa 1964, nikiwa na miaka tisa. Masomo yangu yaliishia hapo, darasa la pili. Mais, yaani lakini, akili ilijiendea yenyewe.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Upande wa Mabalako, asubuhi ilinukia kahawa iliyoanikwa na moshi wa jikoni. Tulicheza mpira wa majani ya mgomba, tukala bugali na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, tukalamba vidole. Jioni koko wetu, yaani bibi, alisimulia juu ya msichana aliyelishinda zimwi. Alilishinda namna gani? Alilipikia, akalibembeleza, akangoja lisinzie. Hakulipiga teke.

Sasa njooni kwangu mmwone mjukuu wangu Kavira na filamu zake, na vitabu vyake vya majasusi. "Koko, angalia! Huyu njo mwanamuke wa nguvu!" Naangalia. Dada amebanwa ndani ya suruali ya ngozi, anaangusha wanaume kumi kwa viatu virefu, nywele hata hazitikisiki. Hana mtoto mgongoni, hana chungu motoni, hana mama mkwe. Hata kukojoa haendi. Nikauliza: "Na huyu, nani anamupikia?" Kavira akacheka mpaka akalala kwenye kiti: "Koko nawe! Ni filamu!"

Ni filamu, ndiyo. Mimi ninaona mwanaume aliyevalishwa matiti. Aliyetunga mambo yale hajawahi kumwona mwanamke ameshikwa na hofu na bado amebaki pale pale. Mimi nimemwona.

Baba alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua katika shamba la mzungu. Waasi waliopigana na serikali walipofika walitafuta watu kama yeye, wenye viatu na kalamu, na waliowapata hawakurudi. Mchana mmoja jirani akapita mbio, akimwita mama: "Mama Masika, banakuja!" Baba, mwanaume mrefu wa sauti nzito, akaingia chini ya kitanda. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Mama akakaa kizingitini na ungo wa maharagwe, akanyoosha miguu ikaziba njia yote, akaanza kuchambua.

Wakaja vijana wenye majani kichwani na mikuki. Wote tulijua sharti lao: walikuwa wamenyunyiziwa dawa ili risasi isiwaingie, mais mpiganaji akigusa mwanamke, dawa inakufa.

"Mama, ondoka! Kapita iko wapi?"

"Mimi hapana ondoka. Niko na kazi. Unataka kupita? Unisukume."

"Ondoka, nasema!"

"Si weka mukono, baba? Ao uniruke, paja langu likuguse, kesho utaelezana na risasi."

Wenzake wakamcheka. Akainua mkuki. "Nitakuchoma!"

"Choma. Damu ya mwanamuke, itamurukia nani?"

Akashusha mkuki. Mimi nilikuwa nyuma ya mama. Ungo ulikuwa unatetemeka, maharagwe yanalia kama mvua juu ya bati. Mguu hakuusogeza. Wakatutukana, wakachukua kuku, wakaenda. Msiniulize mbona hawakuchoma nyumba. Labda ni kwa sababu nyasi za paa zilikuwa zimelowa. Jioni ile tukakimbilia milimani, Masereka, kwa wajomba, mama akibeba mzigo kwa kamba ya kipaji cha uso na mdogo wangu juu yake.

Amani iliporudi, baba alipenda kusimulia habari ile penye kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Katika hadithi yake, aliyeziba mlango alikuwa yeye, panga mkononi. Watu walipiga makofi. Mama alijaza vikombe. Nikamwuliza kwa nini hasemi ukweli.

"Acha, mwanangu. Baba yako iko muzima, njo maana anaweza kusema uongo."

Donc, basi, zamani wasimulizi walimtoa mwanamke mlangoni wakamweka mwanaume. Leo wamemrudisha, mais wamempa bastola na kiuno cha nyigu, na hawezi kufa. Kama hawezi kufa, ujasiri uko wapi? Jioni zetu hazikuwa na umeme wala filamu, mais wanawake wa kweli walikuwemo, nazikumbuka jioni zile mpaka kifua kinauma.

Mimi nilianza kwa kuuza vitunguu chini, sokoni. Leo nina nyumba ya matofali Mulekera, duka la vitenge Butembo, lori moja, shamba la kakao, ng'ombe Masereka, na makaburi mawili ya saruji, la baba na la mama. La mama ndilo kubwa.