Siku Baba Alipotwaa Kombe

Asubuhi hii, kwenye ngazi za fleti yetu hapa Umbilo, mbali na Kenya, kijana mmoja alinipita akinukia dawa ya kuchua misuli. Nikashika ukuta.

“Eish, anti, uko sawa?” akauliza.

Baba alinukia hivyo siku za mechi. Aliichezea Kenya raga, na kila mwaka waligombea kombe moja na Uganda, nchi ya kwao mama. Mjomba wangu, ndugu pekee wa mama, aliichezea Uganda.

Mwaka mmoja, kwenye mechi hiyo, baba alichomoka na mpira, mjomba akamkaba. Kando ya uwanja, nilipokuwa na mama, nilisikia vichwa vikigongana. Wote wawili wakalala kwenye nyasi, nyuso zimejaa damu. Mama aliruka uzio, leso ikamdondoka, akakimbia. Akampita baba.

“Mama, baba yuko huku!” nilipiga kelele.

Hakugeuka. Alikipakata kichwa cha mjomba, akilia kwa lugha ya kwao, ambayo sikuwahi kumsikia akiisema nyumbani.

Mjomba alizinduka. Baba aliinuka peke yake. Kenya walishinda, na alipokabidhiwa kombe alisimama nalo akimtazama mama, aliyekuwa bado kando ya mjomba, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake amshike.