Niliwaita wavivu watu wa kijiji chetu, na nilijua si kweli

Wakuu, jambo yenu wote, wa huku na wa ng'ambo.

Minyi, yaani mimi, ni mzee wa Kamina. Nakaribia miaka tisini, jicho moja tu ndilo linafanya kazi, na simu hii nimejifunza kwa ubishi. Mkiona herufi imeruka, vumilieni. Habari yenyewe sitaruka kitu. Hii sijamwambia hata padri, na padri nimemwambia mengi.

Nimechokozwa na ule uzi wa juzi, wenye tablo, yaani jedwali, ya kulinganisha mikoa. Mkoa huu kila mfanyakazi anazalisha hivi, mkoa ule hata nusu yake haufikii. Halafu chini mkaanza kuusema mkoa wetu: "Watu wa Haut-Lomami wamelala." "Hao ni kula na kusinzia." Mmoja akaweka picha ya mtu anakoroma.

Sikucheka. Tablo kama ile niliwahi kuitengeneza kwa mkono wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bado utawala wa Wabelgiji. Nilikuwa karani wa ofisi ya kilimo hapa Kamina. Kijana wa shule ya misheni, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata, na kinga yangu mwenyewe. Kinga huku kwetu ni baiskeli, wakuu, msije mkanicheka. Nilikuwa najisikia kweli kweli! Nikipita sokoni napiga kengele hata kama njia iko wazi.

Wakati ule kila kijiji kililazimishwa kulima pamba. Kila jina la mwanaume kwenye buku, lile daftari la kijiji, lilikuwa na kipande chake cha shamba, kimepimwa kwa kamba. Msimu ukiisha, pamba inawekwa kwenye mizani, minyi nachukua kilo za kijiji, nazigawa kwa idadi ya wanaume walioandikwa. Jibu ndiyo kazi ya mtu mmoja. Naweka mistari: vijiji vya upande wa Kabongo, vya upande wa Bukama, vya kando ya reli. Wa kwanza juu, wa mwisho chini.

Kugawanya nilijua vizuri. Lakini nilijua na kitu kingine, ambacho Bwana Agronome, Mzungu bwana shamba, mkubwa wangu, hakukijua.

Kijijini kwetu, mwendo wa siku moja kutoka Kamina, mwanaume akisafiri jina lake halitolewi kwenye buku. Hata akikaa miaka. Wazee walikuwa wanasema, mafiga ya mke wake yakiwa bado mahali pake, jina nalo linabaki mahali pake. Kulifuta ni kumzika mtu angali hai. Hakuna mwanamke angekubali, na hakuna kapita angethubutu kumwomba. Kapita, msimamizi wa kijiji, ndiye alikuwa anashika ile buku.

Na wanaume wa kwetu walikuwa wameondoka, ee! Reli iliwabeba. Wengine Bukama, wengine mbali zaidi kwenye migodi, wengi bila karatasi ya ruhusa. Majina yakabaki. Mashamba ya yale majina nani alikuwa analima? Wake zao. Mchana pamba ya bwana asiyekuwepo, jioni mihogo ya watoto.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wale. Aliondoka nikiwa bado shuleni. Mara moja alituma blanketi kwa mikono ya mtu wa treni, halafu kimya. Jina lake lilikuwa kwenye buku, na mama alikuwa analima kipande chake.

Basi nilipogawa kilo za kwetu kwa wale wanaume wote, waliopo na wasiokuwepo, kijiji chetu kikatoka cha mwisho kabisa.

Bwana Agronome akaweka kidole pale chini.

"Hii iko kijiji yako, hapana? Juu ya nini bantu yako iko ya mwisho?"

Wakuu, hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nafasi ya karani mkubwa ilikuwa wazi, na nyumba ya matofali pamoja nayo. Na zaidi ya nyumba, sikutaka yule Mzungu anione kuwa mmoja wao.

Nikasema: "Iko bavivu, Bwana. Banapenda pombe."

Nilisema hivyo. Hakuna mtu aliyenishika shingo.

Akaandika amri: msimu unaofuata, kila jina la kijiji kile liongezewe nusu ya shamba. Minyi nikaipiga kwenye mashine, nakala tatu, bila kosa hata moja.

Kapita akaja kulia ofisini. Akaambiwa anayetolewa kwenye buku ni aliyekufa tu. Aliyeondoka bila ruhusa ni mtoro, atafutwe na afungwe. Akarudi na maneno hayo kijijini.

Mvua za kwanza hazijakauka, nikaona wanawake wanapanda ngazi za baraza yetu. Kumi na mmoja, wametembea tangu alfajiri, matope mpaka magotini. Wakapanga mstari mbele ya meza yangu.

Wa kwanza akasema: "Andika bwana yangu alikufa."

"Alikufa wapi?"

"Kule alienda."

Nikaandika. Wa pili vile vile. Wa tatu alikuwa na mtoto mgongoni, akasema huku anatazama ukuta. Hakuna aliyelia. Walikuwa wamekubaliana njiani.

Wa mwisho alikuwa mama.

Bwana Agronome alikuwa amesimama mlangoni na kiko chake. Nikaogopa. Nikauliza kama nilivyouliza wengine: "Jina ya bwana yako?"

Mama akanitazama. "Weye haulijue?"

Akalitaja, lote, polepole, kama anamsomea mtu asiyesikia vizuri. Nikaandika jina la baba yangu, na mbele yake nikaandika amekufa. Mikono ya mama ilikuwa juu ya meza. Vidole vilikuwa vimepasuka na udongo umeingia ndani ya nyufa. Sikuweza kuviangalia.

"Aksanti," akasema, akaondoka na wenzake.

Msimu ukapita, nikagawanya tena. Kilo zilikuwa karibu zilezile, ila wanaume wa kugawia walikuwa wamepungua karibu nusu. Kijiji chetu kikapanda mpaka juu kabisa, kikapita Kabongo, kikapita Bukama.

Bwana Agronome alifurahi sana. "Unaona? Muvivu akisukumwa anatumika kazi!" Akanipa cheo na ile nyumba. Kisha akanituma na magunia mawili ya chumvi, niende kuwapongeza.

Nilifika na kinga mbele, lori la chumvi nyuma. Wanawake wakatoka nje. Wale kumi na mmoja walikuwa wamenyoa vichwa. Walikuwa wameomboleza kweli, msimu mzima, kama desturi inavyotaka, kwa wanaume ambao huenda siku ile ile walikuwa wanakula ugali wao Bukama. Nyuma ya nyumba ya mama, mafiga yalikuwa yameng'olewa na kutupwa kwenye majani.

Nikasoma pongezi zangu. Niligawa chumvi kwa kikombe. Mama akakinga bakuli lake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtu anapokea kwa mgeni mkubwa.

"Aksanti, Bwana Karani."

Zamani alikuwa ananiita mwana wami, mwanangu. Aliishi miaka mingi baada ya pale, nilimjengea, nilimvika, nilimzika. Mpaka siku ya mwisho aliniita Bwana Karani.

Baba hakurudi. Labda alirudi, akasikia ameshazikwa, akageuza njia. Sijui, na kutokujua huko nimekustahili.

Ndiyo somo langu, wakuu. Mkiletewa tablo inayosema watu wa mahali fulani wanazalisha kidogo, kabla hamjacheka ulizeni amehesabiwa nani, na nani analima bila kuhesabiwa. Na aliyeitengeneza muulizeni ni mtoto wa nani.

Nitukaneni mkitaka, nitasoma yote, polepole, kwa hili jicho moja. Ila kama bibi yako alilima shamba la mtu asiyekuwepo, tafadhali andika jina lake hapa chini. Mama yangu aliitwa Ngoie.