Kiwanja Tulichokijengea Ukuta

Dada yangu mkubwa, ambaye huku kwetu tunamwita yaya, alipopata kiharusi alibaki akiburuta mguu wa kushoto kama mzigo wa mtu mwingine. Daktari alimwamuru atembee kila siku. Yaya hajawahi kupenda amri. Hakutembea. Alicheza nzango.

Nzango ni mchezo wa wasichana ambao wamama wa Lubumbashi hatukuuacha. Safu mbili zinatazamana, watu wanaimba na kupiga makofi, wawili wanaruka katikati na kila mmoja anatoa mguu. Miguu ikifanana pointi ni ya huyu, ikipishana ni ya yule. Ofisi ya michezo ya komini, serikali ndogo ya eneo letu, ilikuwa imetupa Jumamosi asubuhi katika kiwanja cha kartye, mtaa wetu wa upande wa Hewa Bora. Vijana wa mpira walitufuata mchana. Mwanzoni yaya alisimama pembeni akipiga makofi tu. Mvua zilipokwisha alikuwa ameanza kutoa hata mguu wa kushoto, vibaya, kwa kuchelewa, na wenzake wakawa wanamgombeza kwamba mguu ule ni wa udanganyifu. Nilifurahi sana kusikia anagombezwa. Nyumbani sote tulikuwa tunamsemesha kwa sauti ya hospitali.

Kisha asubuhi moja tulikuta vigingi na kamba kiwanjani. Mtu alikuwa anapima auze vipande vipande. Katika mji huu eneo la wazi linalala likiwa bustani, linaamka likiwa nyumba ya ghorofa, na hakuna anayejua nani alitia sahihi. Tuling'oa vigingi, tukavipikia chai, tukaenda komini.

Bwana wa michezo wakati ule alikuwa mtu mpole mwenye soksi safi siku zote. Alisema ofisi yake haina hata panga la kukatia majani, sembuse ukuta. Lakini tukijenga wenyewe, komini itatia geti, na hakuna atakayethubutu kuuza tena. Tulitoka pale tukiimba. Nikiikumbuka furaha ile, hasira inanipanda hadi leo.

Pembeni mwa kiwanja palikuwa na kichuguu kikubwa, na udongo wa kichuguu ndio wa matofali mazuri. Kiangazi chote tulikibomoa. Wamama wa familia za zamani za hapa na sisi tuliozaliwa na watu waliohamia kutoka Kasai, ambao kwa kawaida tunasalimiana kwa tahadhari, tulikanda udongo katika shimo moja. Yaya hakuweza kuinama. Alikaa kwenye kiti, tukamwekea kibao cha kufyatulia mapajani, akawa anasawazisha kila tofali kwa kiganja chake.

Ukuta ulipofika kifuani, bwana wa michezo alikuja kupima nafasi ya geti. Alitaka mlango mdogo, wa mtu mmoja mmoja. Yaya alimkatalia mbele ya wote.

"Hapana, tata. Mulango ikuwe mukubwa. Bantu bote baingie, ata benye habatembee muzuri."

Tulimpigia makofi ya nzango. Geti likatiwa kubwa.

Bwana yule alihamishwa. Aliyemfuata aliukagua ukuta, akaukagua mlango, akaona kitu ambacho sisi hatukukiona: lori la mahema linaingia, la viti linaingia, na hakuna mpita njia anayechungulia. Tulikuwa tumemjengea ukumbi wa harusi. Na harusi ni Jumamosi. Kwanza tuliambiwa ni Jumamosi hii tu, tuvumilie. Tukavumilia. Tulipochoka kuvumilia tulikwenda ofisini kwake, akatupa viti, akatusikiliza hadi mwisho.

"Bamama, kiwanja lazima ijilishe yenyewe," alisema. "Mutacheza siku ya tatu asubui."

"Siku ya tatu shiye tuko ku soko," mmoja wetu alimwambia, maana Jumatano ndiyo siku yetu ya kuuza.

"Ah. Basi," alijibu, na akasimama kutufungulia mlango.

Vijana wa mpira walihamia barabarani, kwenye vumbi na magari. Sisi tulijaribu uani kwa huyu na kwa yule, lakini nzango ya watu wanne haina joto, na majirani walilalamika. Mmoja akasema kiuno kinamuuma, mwingine akaacha tu kuja. Yaya alirudi kwenye kiti chake. Ule mguu uliokuwa umeanza kugombezwa ukarudi kuburutwa. Jumamosi muziki unatufikia hadi jikoni, na mimi, Mungu anisamehe, nawachukia maharusi nisiowajua.

Siku hizi namtoa nje jioni kwa kumlazimisha. Hataki fimbo, hataki mkono wangu. Anaushika ukuta. Anauzunguka kwa nje, tofali kwa tofali, mimi nyuma yake, na tukirudi nyumbani kiganja chake ni chekundu kwa vumbi la kichuguu. Pahali pagumu ni pale getini, maana pale hakuna cha kushika.

Jumamosi iliyopita geti lilikuwa wazi, viti vikiwa vimevalishwa vitambaa vyeupe. Mlinzi alitukimbilia.

"Mama, leo iko rezerve, balishalipa."

"Hatuingie, mwanangu," yaya alimwambia. "Tunapita tu."

Hapo akakubali bega langu. Tulikwenda polepole, gari la maharusi likitupigia honi tuharakishe. Katikati pumzi zilimwisha, tukasimama. Aliangalia mwisho wa ukuta tulikotoka, akaangalia ule tunaoelekea.

"Miye njo nilisema ikuwe mukubwa," alisema.

Akanyoosha mkono kuutafuta ukuta, lakini ulikuwa bado mbali.