Wataka Maji?

Mwanangu alikuwa na miaka mitano, na katika maneno machache aliyokuwa nayo, yaliyomtoka vizuri kuliko yote yalikuwa haya: "Wataka maji?" Alimwendea yeyote aliyemkuta nyumbani kwetu Jang'ombe, bila kumtazama usoni, akamwuliza. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alimjibu kila mara kwa heshima zote kwamba hataki, ahsante sana mjukuu wake. Kisha hunigeukia mimi akaniambia nione mtoto alivyo mkarimu. Mara nyingine mgeni alikubali, nikamletea maji, akanywa na kumwombea mtoto dua. Binti yangu alimwangalia mgeni anavyokunywa, halafu akajitupa chini na kujiuma mkono.

Tulisema ni hasira tu. Majirani walisema mengine, na mimi niliwajibu vibaya, maana mdomo wangu hauna breki.

Wakati huo tulikuwa tumeshaambiwa hospitali kwamba ana usonji. Neno hilo nililikubali kwa shida, lakini nililikubali. Kilichoninyima raha ni skuli. Mwalimu mkuu wa skuli ya mtaani kwetu, mwanamke mpole, hakumkataa. Alinieleza kwamba darasa limejaa na mwalimu ni mmoja, kwa hivyo mwaka wa masomo ukianza angempokea ikiwa mtoto ataweza kuomba maji na choo mwenyewe. Akishindwa, tungoje mwaka mwengine. Tulikuwa tumeshangoja mmoja, na sikuwa na nia ya kungoja wa pili. Nikafunga kibwebwe.

Mara mbili kwa wiki nilifunika cherehani yangu nikampeleka Mji Mkongwe kwa mtaalamu wa lugha na matamshi, msichana wa bara aliyekuwa na chumba kimoja juu ya ngazi za mbao. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alikaa mkekani akimtazama mtoto anavyopanga vifuniko vya chupa, na mimi nikihesabu magauni ya watu yanayonisubiri nyumbani. Mwisho mtoto akamsogelea. "Wataka maji?"

Nikatarajia msichana atajibu kama watu wengine. Hakujibu. Alimimina maji kikombeni akampa, na mwanangu akayanywa yote bila kupumua.

Kisha msichana akaniuliza mimi husema nini ninapompa maji. Kwetu hakuna anayempa mtu kitu bila kumwuliza kwanza. Kila kikombe kilichowahi kumfikia mtoto yule kilitanguliwa na sauti yangu: wataka maji? Kwake yeye hayo ndiyo maneno yanayoleta maji. Muda wote ule alikuwa anaomba, na sisi tunamshukuru kwa ukarimu wake na kumwacha na kiu.

Nililia pale pale mbele ya yule msichana, wala sikuona haya.

Masharti aliyotupa yalikuwa machache. Tusimwulize tena. Mtu ashike kikombe mahali mtoto anapokiona, aseme maneno ambayo mtoto mwenyewe angepaswa kuyasema, kisha anyamaze na kungoja. Siku atakapoomba kwa maneno yake, apewe hapo hapo, pasiwe na subiri wala ngoja kidogo, ili ajue kwamba kusema kuna faida. Akaniandikia kwenye kadi: Ninataka maji.

Wiki mbili niliisoma kadi ile na mtoto hakunijali hata kidogo. Nilirudi kwa yule msichana nimenuna. Nikamwambia neno lake ni la kitabuni. "Kwetu hakuna asemaye ninataka, mwalimu. Sisi twasema nnataka. Na huyu hushika anachokisikia." Nilidhani atakasirika. Alichukua kalamu, akalikata neno lake, akaandika langu.

Choo tulikipata kwanza, kwa sababu hakuna amwulizaye mwenzake kwa ukarimu kama ataka choo. Maji ndiyo yaliyotutoa jasho, na sababu ilikuwa mama yangu. Kwake yeye, kukaa na kikombe mbele ya mtoto na kumnyamazia ni kumnyima maji kiumbe wa Mungu. Nikigeuka tu, namsikia jikoni anamnong'oneza: wataka maji? Siku moja nilishindwa kujizuia. "Mama, huruma yako ndiyo inayomziba mdomo."

Hakusema nami siku mbili. Ya tatu nilimkuta uani, kikombe mkononi, midomo ameibana, machozi yanamtiririka, na mtoto anamvuta kanga huku na huku. Walikaa hivyo mpaka nikatamani kumpokonya kikombe mimi mwenyewe. "Nnata," mtoto akasema. Nusu ya neno. Mama alimpa maji yote.

Tulipokwenda skuli kujaribiwa, choo alikiomba tulipofika mlangoni, yakabaki maji. Mwalimu mkuu alichukua kikombe, akainama, na kwa malezi yake mema akamwuliza, "Mwanangu, wataka maji?"

"Wataka maji?" akajibu binti yangu.

"Mimi sitaki, ahsante," akasema mwalimu, akanitazama kwa huruma.

Nilimwomba asimwulize, ashike tu kikombe na anyamaze. Alifanya hivyo, na niliona alivyotaabika. Mara mbili alifumbua midomo na mara mbili nikatikisa kichwa. Nilijikaza nisimsemee mtoto.

"Nnataka maji," mwanangu akasema, kwa sauti kubwa.

Alipewa. Mwalimu akatoa fomu, akaanza kuniuliza tarehe ya kuzaliwa na jina la baba, na mimi namjibu. Ilibaki sahihi yangu tu. Hapo binti yangu akanishika buibui.

"Nnataka nyumbani."

Hayo hatukumfundisha. Si mimi, si bibi yake, si yule msichana. Alikuwa amelichukua neno tulilompa kwa ajili ya maji, akalitia haja yake mwenyewe.

"Subiri kidogo, mwanangu," mwalimu akamwambia, akanisogezea kalamu. "Mama anamaliza."

Niliitazama fomu niliyoihangaikia kiasi kile. Nikairudisha kalamu mezani.

"Nitakuja kesho asubuhi kutia sahihi, mwalimu," nikasema. "Ameomba."

Nikamshika mkono, tukatoka.