Mjukuu Wangu Kwa Jemadari wa Japani

Mtoto mchanga ndiye aliyenitoa Bunia, mashariki mwa Kongo. Binti yangu Solange, aliyeolewa Japani, alijifungua msichana, na mama mkwe wake, Haruko, akaniita nishuhudie mtoto akipelekwa hekaluni kuombewa afya. Nilishangilia mpaka nilipouliza hekalu ni la nani.

"Ya mukubwa moja wa vita wa zamani," Solange akasema kwenye simu. "Alipokufa, wakamufanya mungu."

Sisi wa Ituri, mkoa wetu uliochomwa na vita miaka mingi, tunawajua wakubwa wa vita. Nilifunga sanduku nikiwa nimekata shauri: mjukuu wangu hataingia mle.

Asubuhi ya safari, pikipiki ilinitoa mtaani kwetu Mbunya hadi uwanja wa ndege. Ndege ndogo ikanifikisha Entebbe, Uganda, na kutoka huko ndege kubwa ilinibeba juu ya mawingu mpaka nikamaliza sala zote ninazozijua.

Nilipofika, Solange aliniwekea mtoto mikononi. Alikuwa na paji la uso la marehemu mume wangu. Nikacheka na kulia pamoja.

Siku ya hekalu, tulifika kwenye ngazi za mawe katikati ya miti mirefu. Nikasimama chini.

"Miye sipande. Mutoto yetu hawezi kuinamia mutu ya vita."

Solange alitafsiri kwa aibu. Haruko hakukasirika. Alinijibu polepole, akinitazama machoni.

"Anasema wazee wao pia walikimbiaka vita," Solange akaniambia. "Huyu mukubwa alipomaliza kupigana, watu wakarudi kulima. Anasema weye uombe Mungu yako, yeye ataomba vile banaombaka kwao."

Kwa desturi yao, mama wa baba ndiye hubeba mtoto siku hiyo. Haruko alimtoa kifuani mwake, akanipa mimi. Basi ningekataa nini tena? Nikapanda.

Ndani, kuhani alitupungia fimbo yenye karatasi nyeupe ili kututakasa, nami nikaomba kimyakimya kwa jina la Yesu. Kisha ngoma ikapigwa. Mabega yangu yakaanza kucheza yenyewe! Haruko akaniona, akatikisa yake. Hata kuhani akatabasamu. Mtoto akapiga miayo tu.

Niliporudi Bunia, wanakwaya wenzangu walinipokea kwa vigelegele. "Sasa uliabudu ule mutu?" mmoja akauliza.

"Hapana. Nilicheza tu ngoma."

Wakacheka sana. Lakini nimejifunza kwamba vita vinaweza kuwa vya zamani kabisa, hata mtoto mchanga apelekwe kwa jemadari akapige miayo. Hilo ndilo ninaloiombea Ituri sasa.