Kivuli cha Mwewe

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, kwetu Muleba mtoto mchanga hakutolewa nje mpaka kitovu kikauke. Bibi, mama yake baba, alitueleza sababu: mwewe akipita juu yake na kivuli kikamgusa, pumzi huondoka na ndege. Niliamini moja kwa moja. Hata kuku wetu waliamini, maana mwewe akitokea wote walikimbilia chini ya migomba.

Siku moja mvua ilitaka kuinyea kahawa tuliyoianika. Mama akatoka mbio kuikusanya, mdogo wangu Kamugisha, kitovu bado kibichi, akiwa kifuani pake. Mwewe akapita. Bibi aliona yote kutoka mlangoni, akashika kichwa.

Jioni yake, mara tu baada ya kunyonya, mtoto alinyamaza ghafla. Midomo ikageuka rangi, kifua hakipandi.

"Mawe, mama wee! Si nilisema?" Bibi alilia. Akafunga mlango, akatupa majani ya dawa motoni, akamfunika mtoto gubigubi kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, ndege asimwone. Moshi ukajaa nyumba. Sisi wakubwa tulikohoa, mtoto hakukohoa.

Mama akamnyakua, akafungua mlango.

"Unampeleka kwa ndege!" Bibi alimpigia kelele.

"Mama, humu ndani hamna hewa."

Nje alimlaza kifudifudi mkononi, akamsugua mgongo. Maziwa yakatoka puani, kisha kilio chembamba. Nililia naye kwa furaha.

Ilibaki safari ya Rubya, hospitalini, ng'ambo ya kilima, na anga lilikuwa bado jeupe. Bibi hakubishana tena, wala hakukubali. Aliinyanyua lubugo kwa mikono miwili juu ya mama na mtoto, akatembea hivyo njia nzima, hewa ikipita pembeni. Waliokutana nasi walidhani ni harusi.

Sista aliyetupokea alisema huenda maziwa yalipita njia ya pumzi, huenda kifaduro kinaanza, na moshi haukusaidia. Mara nyingine sababu haionekani kabisa.

"Kumbe naye hajui," Bibi alininong'oneza, na nadhani alifarijika.

Hata mimi sijui. Najua tu kwamba wanawake wawili waliogopa vitu viwili tofauti kwa ajili ya mtoto mmoja, na hakuna aliyemwachia mwenzake mzigo. Kamugisha sasa ni mzee mwenye kitambi. Akishiba ndizi mchana husinzia kitini na kukoroma, mkewe akilalamika. Mimi husogeza kiti karibu nisikilize.